Nilivyoacha kuwakaririsha istilahi, darasa langu la hisabati likaanza kuongea

Niliandika ubaoni: "Tafuta tofauti kati ya 12 na 7." Lilikuwa swali la kuchangamsha vichwa tu kabla hatujaingia kwenye milinganyo. Mwanafunzi mmoja mpole, mwenye daftari safi kuliko wote, aliandika: "12 ina tarakimu mbili, 7 ina moja. 12 ni shufwa, 7 ni witiri." Nikamkosesha kwa kalamu nyekundu. Jioni, nikiwa napitia madaftari mara ya pili, nikaganda pale pale. Kila alichoandika kilikuwa kweli. Kutoa alikuwa anajua vizuri sana. Alijibu neno "tofauti" kama alivyolijua tangu anaanza kuongea, na mimi sikuwahi kumwambia kwamba kwenye hisabati neno hilo lina kazi nyingine.

Baada ya hapo nikaanza kuyaona maneno ya aina hiyo kila mahali. Zao ni kitu cha kuvuna shambani, lakini kwetu ni jibu la kuzidisha. Asili ni chimbuko, kwetu ni namba ya chini ya sehemu. Na "sehemu" yenyewe je, ambayo kwetu ni namba kama 1/3? Pembe "kali", yaani iliyo chini ya digrii 90, mwanafunzi afikirie nini, kisu?

Si kwamba sikuwa nafundisha istilahi. Nilizifundisha kwa ushauri niliopewa na watu wazito: kila mwanzo wa mada wape maneno 20 na maana zake, wanakili, wakariri, Ijumaa wafanye jaribio. Nilifuata muhula mzima. Alama za Ijumaa zilipendeza kweli kweli. Kisha kijana mmoja akanitajia bila kukosa hata neno: "Asili ni namba iliyo chini ya mstari katika sehemu." Nikamuuliza, kati ya 1/3 na 1/5 ipi kubwa? Akajibu 1/5, kwa kuwa asili yake ni kubwa zaidi. Ushauri ule bado unazunguka hadi leo na bado unaniudhi, kwa sababu unampa mwalimu alama nzuri za kuonyesha huku mtoto akibaki pale pale.

Kilichonifungua macho ni mchezo ninaouita mgongo kwa mgongo. Wanafunzi wawili wanakaa wakipeana migongo. Mmoja ana kadi yenye mchoro, mwenzake ana karatasi tupu na penseli. Mwenye kadi anaeleza kwa mdomo tu, mwenzake anachora anachosikia. Kadi nilizikata kwenye maboksi makuukuu, kwa hiyo gharama ilikuwa jioni moja na mkasi.

Kadi ya kwanza ilikuwa na mistari miwili sambamba na wa tatu unaoikatiza kwa mshazari. Nilisimama karibu na jozi moja nikasikiliza.

"Chora mstari ulionyooka."

"Kila mstari umenyooka! Umenyooka kwenda wapi?"

"Wa kulala. Sasa chora mwingine chini yake, usigusane nao."

Mwenzake akachora kamstari kafupi, kameinama, kweli hakajagusa kitu. Walipogeuka kutazamana, ugomvi ukaanza. "Nilikwambia isigusane!" "Haijagusana, angalia!" "Lakini ukiirefusha itakutana!" Hapo ndipo nilipoingia. Nikawaambia, mistari ya bapa moja, yaani iliyo kwenye uso mmoja tambarare, ambayo hata ukiirefusha vipi haikutani, jina lake ni mistari sambamba. Msichana aliyekuwa na kadi akanigeukia, karibu ananilaumu: "Si ungetupa hilo neno mapema, Mwalimu!"

Nilikuwa nimeshawapa. Lilikuwa ndani ya daftari lake, namba 7 kwenye orodha ya wiki ya tatu, na alilipata kwenye jaribio.

Tangu siku hiyo nina sharti moja: neno halibandikwi ukutani mpaka mtu alihitaji na asiwe nalo. Likishakoseka, tunaliandika kwenye karatasi iliyogawanywa visanduku vinne, mtindo uliobuniwa na Dorothy Frayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1969: maana, sifa zake, mifano, na vitu vinavyofanana nalo lakini sivyo. Usikiruke kisanduku cha nne. Mimi naweza kutoa mfano wa mistari sambamba mwenyewe, lakini kile kimstari kifupi kilichoinama kimetoka kwenye kosa lao, na ndicho wanachokikumbuka.

Mjadala ulinichukua muda zaidi. Mwanzoni nilikuwa nasema "jadilini kwenye makundi" kisha nasubiri dakika kumi. Mwepesi anaongea, wengine wananakili. Sikuwa nimewapa kitu cha kubishania! Swali likiwa na njia moja na jibu moja linaloonekana waziwazi, wabishane nini?

Swali lililogeuza mambo ni la miaka mingi. Mtafiti John Clement na wenzake huko Marekani waliwapa swali la namna hii wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, wakachapisha matokeo mwaka 1981: zaidi ya theluthi walikosa. Nami nikaliandika: "Katika chuo kuna wanafunzi mara 6 ya walimu. W iwe idadi ya wanafunzi, M idadi ya walimu. Andika mlinganyo." Dakika mbili za kimya, kila mtu na karatasi yake. Wengi wakaandika 6W = M. Wachache, W = 6M. Nikaiandika yote miwili ubaoni, nikaiacha chaki mezani, nikaenda kukaa nyuma.

Kijana mmoja wa upande wa 6W = M akasimama kutetea: "Wanafunzi sita, mwalimu mmoja. Sita W, moja M. Ni vile vile inavyosomeka." Ikasikika kama hoja nzito. Kimya. Mdomo ulikuwa unaniwasha kusema, nikahesabu moyoni hadi tano. Miaka ya 1970 mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza akakuta ni kama sekunde 1 tu. Ukifika sekunde 3 au zaidi, majibu yanarefuka na waliozoea kunyamaza wanaanza kusema. Niamini, sekunde tano ukiwa umekaa nyuma ya darasa ni ndefu kupita maelezo.

Sauti ikatoka upande wa dirishani: "Tuweke namba. Walimu wakiwa 10, wanafunzi wangapi?"

"Sitini."

"Haya, weka 60 kwenye W yako. Sita mara sitini ni 360. Walimu 360?"

Kijana akaukazia ubao macho kwa muda. Kisha akasema polepole: "Kumbe W nimeifanya mwanafunzi. Kumbe ni idadi ya wanafunzi."

Nilikuwa nimefundisha herufi za aljebra kwa miaka bila kuwahi kulisema jambo hilo vizuri kama yeye. Niliiandika sentensi yake kama ilivyo nikaibandika ukutani, na wenzake huinukuu kwenye kila swali la maneno.

Wenye aibu waanzie kwenye karatasi, kisha kwa jirani, ndipo darasa zima. Ukimnyooshea kidole mtoto ambaye hajapata hata dakika ya kufikiri, unamfunga mdomo mwaka mzima. Na mtu akiwa katikati ya wazo usimkatize kumsahihisha neno. Aseme "kale kanamba ka chini" mpaka amalize. Neno "asili" nalidai anapokuja kuandika.

Kuhusu muhtasari wa somo, yaani mada zote za mwaka: niliambiwa sitaumaliza. Mwezi wa kwanza nilipoteza vipindi viwili au vitatu, nikavirudisha vyote baadaye kwa sababu sikulazimika tena kufundisha upya maswali ya maneno kabla ya mtihani.

Juzi tulikuwa na mambo mawili ubaoni, "namba isiyozidi 10" na "namba isiyofika 10", pamoja na mistari miwili ya namba. Swali: wapi kitone cha 10 kijazwe kuonyesha kwamba 10 imo, wapi kiachwe kitupu? Nusu darasa lilisema ni kitu kimoja. Yule mpole wa daftari safi akanyosha mkono, akatembea hadi ubaoni. "Kumi haijaizidi kumi," akasema, "kwa hiyo kwenye isiyozidi imo." Akakijaza kitone cha kwanza kwa chaki. "Lakini ukiwa kumi umeshafika." Akakiacha cha pili kitupu, akarudi kukaa, na mtu nyuma akauliza, "Na angalau je?"