Jioni Khalati Aliponipima Presha

Mwaka 2019 ulipokuwa unaelekea ukingoni, kazi ya kutoa mizigo bandarini ilikuwa imegeuka kabisa hapa Mombasa. Mizigo ya Nairobi na ya bara ilikuwa ikipakiwa kwenye SGR, ile reli mpya ya kisasa, malori yamelala Changamwe na Miritini, na siku za Jumatatu watu walikuwa wakiingia barabarani kuandamana kwa sababu riziki ilikuwa inauhama mji. Kampuni iliyoniajiri ilipunguza watu. Tuliobaki tukagawiwa mafaili ya wenzetu walioondoka. Kazi yangu mimi ilikuwa kujaza hati za forodha. Ghafla nikawa pia wa kufuatilia malori, wa kuwajibu wateja, na wa kuwabembeleza mawakala wa meli.

Asiyeifahamu kazi hii huenda asielewe vipi mtu akose usingizi kwa sababu ya kontena la mtu mwingine. Kontena likishashushwa, siku za bure zinaanza kuhesabiwa. Zikiisha, unatozwa ya kulaza mzigo bandarini, na mwenye meli naye anatoza ya kumcheleweshea kontena lake, tena kwa dola. Mteja anaona pesa zake zinakwenda, na mtu wa kumpigia ni wewe. Nilikuwa na simu mbili. Moja ikinyamaza, ya pili inalia. Chakula cha mchana kilikuwa chipsi na soda palepale mezani. Saa tisa za usiku macho yalikuwa yakifunguka yenyewe, moyo unakwenda mbio, na kichwani zinapita namba za makontena, herufi nne na tarakimu saba, moja baada ya nyingine, nami nikiangalia ipi bado haijatolewa.

Alhamisi moja nilikwenda Kibokoni kumpelekea khalati yangu dawa zake. Khalati ni dada yake mama, muuguzi mstaafu, na nyumba yake pale mtaani haikauki watu wanaokuja kupimwa presha na sukari. Nilifika wakati wa adhana ya Magharibi. Sikuwa nimepanga kukaa. Lakini huwezi kumwambia khalati wangu Magharibi imekukuta mlangoni kwake na wewe unaondoka, basi nikatawadha, nikatandika msala nyuma yake, na simu nikaziweka pembeni.

Magharibi ni rakaa tatu tu. Katika ya pili simu ikaanza kutetemeka juu ya sakafu, na mimi nikaondoka. Mwili ulibaki umesimama pale, umeelekea kibla, lakini mimi nilikuwa getini bandarini nikibishana na dereva. Niliporudi sikujua kama nimesali rakaa mbili au tatu. Nikaongeza moja, na kabla ya kutoa salamu nikasujudu zile sijda mbili za kusahau.

Khalati alikuwa ameshamaliza, amekaa na tasbihi yake. Akaningojea nitoe salamu.

"Hiyo sijda ya kusahau," akauliza, "ni ya leo tu?"

"Ni ya kila siku, khalati."

Hakunilaumu. Aliinuka, akafungua kabati la vyombo, akatoa kipimo chake cha presha. Simu zangu zote mbili akampa mjukuu wake azipeleke chumbani. Akaniketisha kwenye kiti chenye mgongo.

"Weka miguu chini, usikunje nne. Mkono juu ya meza. Usiseme neno mpaka nikwambie."

Nilitaka amalize haraka, lakini yeye alikaa tu mbele yangu, ameshika ule mkanda mkononi, anasubiri. Alikuja kunieleza baadaye kwamba mtu aliyetoka kupanda ngazi, aliyekunywa kahawa sasa hivi au anayezungumza, hupimwa presha isiyo yake. Lazima atulie dakika tano. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya jioni hiyo nilipokaa dakika tano bila ya kufanya kitu. Nilisikia muuza kahawa akipita nje anagonga vikombe. Nilisikia watoto wa madrasa wakirudi. Kisha mkanda ukajaa, ukanibana mkono mpaka vidole vikaingia ganzi, ukaanza kulegea kidogo kidogo.

162 kwa 104. Akasubiri, akapima tena. 158 kwa 100.

Nikamwambia sisikii maumivu yoyote. Akasema ndivyo presha ilivyo, mtu hutembea nayo miaka akiamini ni mzima, na ndiyo maana yeye anawapima hata waliokuja kuomba chumvi tu. Kisha akanifundisha jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliuliza, ingawa namba hizo nimezisikia maisha yangu yote. Ile ya juu ni nguvu ya damu pale moyo unaposukuma. Ile ya chini ni wakati moyo umepumzika kati ya pigo na pigo. Kuanzia 140 kwa 90, ikijirudia siku tofauti, ndipo daktari husema hii ni presha. Yeye iliyomkera zaidi ni ile ya chini.

"Yaani mwanangu, hata moyo ukipumzika, haupumziki."

Hapo ndipo nilipoanza kulia. Nilimwambia kila kitu: wenzangu walioondoka, mmoja wao akiwa na mtoto mchanga, kiti chake kitupu kinanitazama siku nzima, hofu kwamba orodha inayofuata itakuwa na jina langu, na kwamba nikisali sisikii kitu, na hilo linanitisha kuliko hata kazi. Nilimwambia pia jirani yangu wa Likoni ameshasema hii ni husda na nitafute kombe, zile aya za Kurani zinazoandikwa kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na kunywewa.

Khalati hakumcheka jirani. "Kombe ni maneno ya Mungu, ukitaka kunywa, kunywa. Lakini kesho asubuhi unakwenda hospitali, na huko huko ukaonane na mshauri nasaha. Nimefanya kazi wodini zaidi ya nusu ya umri wangu. Wengi waliokuja kwangu wakisema kichwa kinauma, walitaka mtu wa kuwasikiliza."

Hapa kwetu mtu akivunjika mguu nyumba inajaa wageni. Akisema nafsi yake imechoka, anaambiwa aongeze ibada. Mimi sikubaliani na hilo, na khalati wangu, ambaye katika ukoo mzima sijaona anayemshinda kwa ibada, hakubaliani nalo pia. Alinieleza kwa lugha ya kiuuguzi: mtu akishtuka, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakwenda kasi, mishipa inabana. Mwili haujui kama aliyekushtua ni mwizi au ni simu ya mteja. Mwizi hupita akaenda zake. Simu haipiti.

Aliniambia nisirudi Likoni usiku ule. Nikampigia mume wangu, naye akasema afadhali nilale huko huko, feri imefurika watu. Khalati akaanza kupeta mchele, na huku anapeta akanipa kisa ambacho nilikisoma madrasani nikiwa mdogo na sikukijali.

Salman al-Farisi, sahaba wa Mtume, alikwenda kumtembelea ndugu yake katika imani, Abu Dardaa. Akamkuta mke wa Abu Dardaa hajijali kwa mavazi. Akamuuliza kulikoni, mwanamke akamjibu kwamba ndugu yako huyu hana haja na dunia. Abu Dardaa akaja, akaandaa chakula, akasema, kula, mimi nimefunga. Salman akamwambia, sili mpaka nawe ule. Akafuturu, wakala. Usiku Abu Dardaa akainuka kusali. Salman akamwambia, lala. Akainuka tena, akamwambia, lala. Mwisho wa usiku ulipofika akamwambia, sasa inuka, na wote wawili wakasali. Kisha Salman akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Abu Dardaa alipokwenda kumweleza Mtume, Mtume akasema: amesema kweli Salman.

"Umeona?" khalati akasema. "Kwanza alimlisha. Kisha akamlaza. Kusali kukaja mwisho wa usiku, na mtu ameshapumzika."

Nilikuwa nimezoea kuona usingizi ni kitu anachopewa mtu aliyemaliza kazi. Na kazi ya bandari haimaliziki. Meli moja ikitoka, nyingine inaingia. Jioni ile ndiyo mara ya kwanza nilipouona usingizi kuwa ni deni, na mwenye kunidai ni mwili wangu mwenyewe. Nikala wali na mchuzi wa samaki, khalati ametia ndimu nyingi na chumvi kidogo. Nikalala saa tatu. Saa tisa za usiku macho yakafunguka kama kawaida, moyo unadunda, lakini simu hazikuwapo. Nikavuta pumzi polepole, nikaitoa polepole zaidi, jinsi khalati alivyonielekeza, mpaka nikapitiwa tena na usingizi.

Baada ya Alfajiri akanitoa nje. Kavaa buibui lake na raba za mjukuu. Tulipita Ngomeni, tukaingia Kizingo, hadi Laitihausi. Bustani ya Mama Ngina ilikuwa imetoka kufunguliwa upya, tangu sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba mwaka ule ule, na ile mibuyu ya zamani imesimama katikati ya vijia vipya. Wazee walikuwa wanatembea wakijadili siasa. Wanawake wa makamo, watatu watatu, wanakwenda kwa mwendo wa haraka huku wanapiga soga. Khalati anawajua wote. Alinionyesha kwa kidole: yule ana sukari, yule alifiwa na mumewe akafungiwa na huzuni nyumbani mpaka wenzake walipomtoa, wale wawili wanahifadhishana sura za Kurani huku wanatembea. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, akasema, ndiyo dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima azipate, na hapa unazipata pamoja na habari za mji.

Hapo pwani ya Laitihausi meli zinapita karibu sana kuelekea Kilindini. Ilikuja moja, polepole, boti ya rubani ikiwa ubavuni mwake, makontena yamepangwa mpaka juu. Nikasoma jina lake. Nilikuwa nimeisubiri meli hiyo wiki nzima. Nilikuwa nimeandika jina lake kwenye hati sijui mara ngapi, nimepigiwa simu kwa ajili yake usiku wa manane, na kumbe sikuwahi kuiona.

"Khalati, hii ni meli yangu."

"Imebeba nini?"

"Vigae vya mteja wetu. Na mashine za kusaga."

"Basi ishafika," akasema. "Na wewe ulikuwa umelala."

Nikasimama pale mpaka ikapinda kuingia bandarini. Bado ingefunga gati, bado ingeanza kushushwa. Sikuwa na la kufanya kwa saa kadhaa, na kwa mara ya kwanza nililijua hilo kwa macho yangu. Nikasema alhamdulillahi, na moyo wangu ulikuwapo.

Hospitalini presha ilikuwa imeshuka kidogo lakini bado ilikuwa juu ya 140. Daktari akanipangia siku nyingine za kurudi kupimwa, na baadaye akanianzishia kidonge cha kila siku, ambacho nakinywa mpaka leo. Mshauri nasaha nilionana naye wiki iliyofuata. Yale tuliyozungumza sitayaandika, ila nasema wazi kwamba nilikwenda, na kwamba nilirudi tena.

Mchana wa siku ile ile ya Ijumaa nilikwenda kwa tajiri wangu. Nilimweleza namba za presha, zote, bila ya kupunguza. Nikamwambia kuanzia sasa, Magharibi hadi Isha simu zangu zitakuwa zimezimwa. Ni saa moja na kidogo tu, na hapa kwetu karibu na ikweta wakati huo hausogei sana mwaka mzima, kwa hiyo anaweza kuupanga. Na usiku, baada ya saa tatu, simu ya ofisi ishikwe kwa zamu na sisi wote tuliobaki.

"Na kontena likikwama Magharibi?"

"Litangoja Isha. Getini nako watu wanasali."

Alinyamaza kwa muda mrefu, anazungusha kalamu. Naye alikuwa amekonda tangu Agosti, na chini ya macho yake kulikuwa kweusi. Akavuta karatasi, tukaandika zamu za wiki, la kwake jina akaliweka Jumatatu na Jumanne. Kisha akaniuliza khalati hupima watu siku gani.