Nilivyobadilisha BCM, boksi inayoongoza umeme wa bodi, ya Caravan yangu hapa Mtwara

Ugonjwa ulianza na waipa. Gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni, waipa zinapanda na kushuka mara moja, kisha zinatulia kama hakuna kilichotokea. Ikafuata taa ya ndani iliyogoma kuzima. Halafu milango ikaanza kujiloki yenyewe, tak tak, hata abiria akiwa bado anashusha mzigo. Mwisho ikawa betri: jioni gari linawaka vizuri, asubuhi starta inatoa mlio hafifu tu.

Kila niliyemweleza alisema nunua betri. Lakini betri ile haikuwa na tatizo. Ikichajiwa na kupumzika ilisoma volti 12.6, na injini ikiunguruma alteneta ilitoa volti 14.2. Kwa vipimo hivyo, betri inapokea chaji na inaitunza. Kilichobaki ni kujua nani anainyonya usiku.

Gari langu ni Nissan Caravan ya kizazi cha E26, kile kilichoanza kutoka mwaka 2012, na nabebea abiria kati ya Mtwara na Masasi. Kwenye magari ya zamani swichi ya taa ilipeleka umeme wenyewe hadi kwenye relei na balbu. Haya ya sasa swichi inapeleka ishara tu. Ishara inaingia kwenye kontrol boksi ya bodi, hiyo BCM, iliyofichwa chini ya dashibodi, na yenyewe ndiyo inaamua taa iwake, waipa itembee au mlango ujiloki. Ndiyo maana ikiugua unaona vitu visivyohusiana vinaharibika kwa pamoja. Mimi naona hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Balbu moja ikigoma, tafuta balbu au waya wake. Waipa, loki na taa ya ndani zikigoma pamoja, tafuta zinapokutana.

Fundi umeme wangu yuko Chikongola. Ni kijana mpole, na ninachompendea ni kwamba hakisii. Alifungua kichwa hasi cha betri, akaunganisha mita katikati ya kichwa na waya wake, akafunga milango yote, akaniambia, "Tusubiri, kaka. Boksi za gari huchelewa kulala." Tulikaa karibu nusu saa. Gari lililolala vizuri linapaswa kuvuta chini ya ampea 0.05. Langu lilikuwa linavuta karibu ampea 3. Piga hesabu: saa 12 za usiku mara ampea 3 ni ampea-saa (Ah) 36, kama nusu ya betri yangu ya Ah 70. Betri ya namna hiyo asubuhi itawasha nini?

Akachomoa fyuzi moja moja huku mimi nikisoma mita. Alipofika kwenye fyuzi ya BCM, namba ikaanguka hadi karibu na sifuri. Hapo mafundi wengi wangesema tayari, tununue. Yeye akasema bado, kwa sababu ethi mbovu (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) au swichi iliyokwama inaweza kuifanya BCM nzima ionekane mgonjwa. Akapima umeme unaoingia kwenye soketi yake, ukawa kamili. Akapima ethi, ikawa safi. Akachomoa soketi ya swichi ya waipa pale kwenye usukani, na waipa zikaendelea kujitembelea. Swichi imeondolewa kabisa lakini amri bado inatoka. Sasa hapo hapakuwa na ubishi.

Tulipoitoa na kuifungua, ubao wake ulikuwa na ukungu wa kijani na mweupe kwenye kona moja, palepale miguu ya soketi inapoingia. Miguu miwili ilikuwa imeliwa, imebaki myembamba kama sindano. Nilimuuliza kama haiwezi kusafishwa kwa spiriti na kuchomelewa.

"Itaamka, lakini dhamana sikupi. Taa zikikukatikia usiku pale Nyangao na watu ndani, utafanyaje?"

Sikumbishia. Kwa gari la kubeba watu, kifaa kinachoshika taa za mbele si cha kubahatisha.

Sehemu iliyotaka akili zaidi ni kununua. BCM zinafanana kwa sura na bado haziingiliani, kwa sababu gari lenye loki za umeme na lisilonazo yana boksi tofauti. Nilipiga picha ya lebo kwa karibu, namba zote zikisomeka, nikamtumia muuza spea za mtumba wa Ilala, Dar es Salaam, nikamwambia naye anitumie picha ya lebo ya aliyonayo kabla sijalipa. Ya kwanza tarakimu za mwisho zilitofautiana, nikaikataa ingawa alinihakikishia kuwa "ni hiyohiyo". Ya pili ililingana namba kwa namba. Nikalipa kwa simu, ikaja na basi.

Kabla ya hapo kuna jambo fundi alilifanya ambalo nimeona wengi wanaliruka. BCM yangu ya zamani ilikuwa mgonjwa lakini ilikuwa bado inaongea na mashine ya kupimia. Akairudisha kwenye soketi kwa muda, akasoma mpangilio wake wote, yaani maelekezo yaliyomo kuhusu vifaa vya gari, na kuuhifadhi, ili aje kuuandika kwenye mpya. Ukisubiri hadi boksi ife kabisa, nafasi hiyo huna.

Na kuna suala la funguo. Kwenye gari hili BCM ndiyo inayotambua chipu iliyo ndani ya ufunguo. Ukifunga BCM ya gari lingine, funguo zako inaziona za mwizi: taa nyekundu ya ulinzi inamweka na injini haiwaki. Lazima zisajiliwe upya kwa mashine, kwa namba ya siri inayopatikana kutokana na namba ya kwenye lebo ya BCM uliyonunua. Halafu usajili huo unafuta funguo zote za zamani, kwa hiyo ule ambao haupo siku hiyo unabaki chuma cha kufungulia mlango tu. Ufunguo wangu wa akiba ulikuwa kwa mdogo wangu Lindi. Nikamwomba aukabidhi kwa dereva wa basi, na fundi akakubali kungoja hadi ufike.

Muda huo wa kungoja hatukuupoteza. Maji yaliyoila BCM yalitoka wapi? Tulitandika magazeti makavu chini ya dashibodi, msaidizi wake akamwaga maji polepole juu ya kioo cha mbele. Gazeti la upande wa dereva likalowa. Kioo hicho kiliwahi kubadilishwa baada ya kupigwa na jiwe, na waliokifunga waliacha pengo kwenye gundi, kona ya juu. Maji yalishuka ndani ya nguzo, yakafuata waya hadi kwenye soketi. Kwa mvua zetu za Desemba hadi Aprili, boksi mpya isingemaliza msimu. Kioo kikatolewa, kutu ikakwanguliwa na kupakwa rangi, kikarudishwa kwa gundi maalumu ya vioo. Silikoni ya dukani nilikataa, kwa sababu kioo cha mbele kinashikilia pia uimara wa bodi.

Kufunga kwenyewe hakukuchukua muda. Kichwa hasi cha betri kikatolewa, tukangoja dakika kadhaa ili umeme uliobaki kwenye eabegi uishe, soketi zikasafishwa, BCM ikaingia, mpangilio ukaandikwa, funguo zote mbili zikasajiliwa. Fundi akazifunga waya zishuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likipita lianguke kapeti, lisiingie kwenye boksi.

Tulipima tena gari likiwa limelala: ampea 0.03. Tukajaribu kila kitu, indiketa, honi, taa kali, loki za milango yote, na kila ufunguo kwa zamu. Boksi ya zamani nimeihifadhi, na picha ya lebo ya mpya nimeiweka kwenye simu na kwenye karatasi ndani ya bahasha ya kadi ya gari, maana siku ufunguo ukipotea namba hiyo itatakiwa tena.