Pishi ya Mama na tampeko ya Kampala

Nimezaliwa Tanga, na nyumbani kwetu mchele haukuwahi kupanda mizani. Kulikuwa na kibaba cha bati kilichobonyea ubavuni. Vikitimia vinne, ndiyo pishi. Sasa huu mwaka wa 6 niko Kampala, na kila Ramadhani ikielekea ukingoni hesabu ni ileile: tuko watu 5, fitra, ile sadaka ya chakula ya kumaliza mfungo, ni pishi moja kwa kila mmoja, na duka la jirani linauza kwa kilo.

Sokoni Owino ndiyo kabisa. Ukitaka kidogo unapimiwa kwa tampeko, kile kikombe cha nusu lita ambacho huku hutumika kwa chai, kwa uji, kwa maharage. Muuzaji wangu hujaza mpaka mchele ufanye kilima, kisha akiniona bado nimesimama hutupia konzi moja juu: "Nyabo, enyongeza." Nyabo ni bibi kwa Kiganda; hilo la nyongeza wamelichukua kwetu, ukarimu ni wao wenyewe.

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Hivi pishi ni kilo ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Pishi ni vibaba vinne."

"Kwa kilo, mama."

"Kwani mchele wa huko hauingii kibabani?"

Nilicheka, lakini alikuwa na haki. Pishi ya fitra ni kile kipimo cha Kiarabu kiitwacho swaa, chenye vipimo vidogo 4 viitwavyo mudi, na hicho ni kipimo cha ujazo. Kilo ni uzito. Ndiyo maana sheikh mmoja atakwambia kilo 2.5 na mwingine kilo 3, na wala hawagombani: pishi ya unga haiwezi kulingana na pishi ya mchele.

Nikaazima mizani kwa jirani anayeoka keki. Tampeko ya super, mchele unaotoka kwetu Tanzania, niliyoisawazisha kwa mgongo wa kisu, ilikuja gramu 400. Ile ya kilima, 480. Mchele wa Butaleja, mashariki ya Uganda, ulisoma 420, nadhani kwa sababu fungu nililonunua lilikuwa na chenga nyingi, na chenga hujaza mianya. Basi kilo moja ya super ni tampeko mbili na nusu za kusawazisha, au mbili za kilima na konzi. Kwa fitra nilishika kilo 3 kwa kichwa, 15 kwa jumla, nisije nikahojiwa.

Mizani ikiwa bado mezani, nikapima na kikombe kilichokuja na jiko la umeme la wali. Mililita 180, gramu 150! Kikombe cha mapishi ya Kimarekani ni mililita 240, kama gramu 190 za mchele. Kumbe tofauti hiyo ndiyo iliyoniumbua Idi iliyopita. Mapishi ya intaneti yalisema vikombe 4 vya mchele, 7 vya maji. Mchele nikapima kwa hicho kidogo, maji kwa jagi lenye alama za kile kikombe kikubwa. Wifi yangu alichota kijiko, akatafuna taratibu, akasema, "Wifi, bokoboko la leo limekubali." Ilikuwa pilau.

Mama amesikia habari za mizani na hakupendezwa. Amempa mpwa wangu anayekuja wiki ijayo kile kibaba cha bati aniletee. Kitapanda mizani kabla mpwa mwenyewe hajapewa chai.