Namba ya uthibitisho iliyojulikana kabla SMS haijafika

"Kaka, hebu bonyeza 'nimesahau nywila'," aliniambia dada aliyekuja kunisaidia kwenye mfumo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nikabonyeza. Kabla SMS haijaingia alikuwa ameshaandika namba tano kwenye karatasi. Ilipoingia, namba yangu ilikuwa ya tatu.

Nilinyong'onyea. Humo mna akiba za watu.

Kosa lilikuwa mstari mmoja nilioandika mwenyewe. Kila ombi lilipokuja, niliipa moduli ya random ya lugha ya Python, inayozalisha namba za nasibu, mbegu mpya (namba inayoanzia hesabu yake): saa ya seva kwa sekunde. Mbegu ikiwa ileile, namba ni ileile. Seva yenyewe hutaja saa yake katika kila jibu, kwa hiyo alikadiria sekunde tano tu. Nilijitetea kwamba viungo vya kubadilisha nywila vinavyotumwa kwa barua pepe vina herufi 32, nani atabahatisha? Akanionyesha kuwa navyo vinatokana na mbegu hiyohiyo. Siku nzima ina sekunde 86,400, basi na viungo vinavyowezekana kwa siku ni 86,400, hata viwe virefu namna gani.

Kisa cha Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux, nilikuwa nakijua: tangu 2006 hadi Mei 2008, baada ya mistari fulani ya OpenSSL, programu yake ya usimbaji, kuondolewa, unasibu wa funguo za siri ulibaki kutegemea namba ya mchakato tu (ile ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa), isiyozidi 32,768. Nilikisoma kama habari za watu wengine.

Nilidhani kufuta ule mstari kungetosha. Hapana. Random hutumia kanuni ya hesabu iitwayo Mersenne Twister, na anayeona matokeo yake 624 ya biti 32 anaweza kukokotoa yote yanayofuata. Nikahamia moduli ya secrets, ambayo huchota unasibu kwenye mfumo endeshi. Nikabatilisha viungo vyote ambavyo havijatumika, nikaipa kila namba dakika kumi na majaribio matano. Hayo mawili yalipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza.

Asubuhi mama mmoja mwanachama akapiga simu: "Mwanangu, mbona namba yangu ina tarakimu tano?" Zamani namba zilianzia 100000, zote za tarakimu sita; sasa nilianzia sifuri, na sikujaza sifuri za mbele. Nikazijaza, nikamwomba aombe namba nyingine. Ilianza na 0, akaingia.