Jinsi nilivyounganisha alama za ramani na data yake
Programu yangu ya simu ilionyesha vituo vya afya kwenye Google Maps. Mtumiaji akigusa alama, msimbo ulitafuta kituo kwa kulinganisha jina. Vituo viwili vikiwa na jina moja, taarifa za kimoja zilifunguka kwenye alama ya kingine. Kwa mgonjwa, hilo ni jambo zito.

Dawa iko ndani ya alama yenyewe. Kwenye Android, addMarker, amri ya kuweka alama kwenye ramani, inarudisha Marker (alama hiyo), na papo hapo niliita marker.setTag(kituo) ili kuibandikia data ya kituo. Alama ikiguswa, marker.getTag() inanipa objekti ileile bila kutafuta chochote. Inakuja kama Object tu, yaani aina ya jumla, hivyo kagua kwanza kama ni null (tupu), kisha uibadilishe iwe aina yako. Kwenye iOS, GMSMarker, yaani alama ya ramani ya huko, ina userData kwa kazi hiyohiyo.

Kwa data inayobadilika mara kwa mara, naweka kitambulisho chake tu kwenye alama, halafu nasoma upya kutoka hifadhidata.