Mikono nyuma: siku yangu na watoto 18 wa chekechea

Saa 12:40 asubuhi. Darasa tupu. Nashusha vifaa kwenye rafu ya chini kabisa, pale mtoto wa miaka 3 anapofika bila kuomba. Majagi makubwa ya maji hayajaguswa wiki nzima, nayaondoa, naweka dogo lenye mdomo mwembamba. Watu wakisikia kwamba darasani kwangu mtoto ndiye anayeongoza kujifunza kwake, hudhani mwalimu kazi yake ni kukaa. Kazi kubwa ni hii ya kabla hawajaingia.

Saa 1:30. Wanaingia. Mmoja amevaa viatu kushoto kulia. Nanyamaza, atavisikia mwenyewe.

Saa 2:10. Wa miaka 4 amelichukua lile jagi. Anamimina kikombeni, maji yanamwagika mezani. Anafuata tambara, badala ya kufuta anayasukuma maji mbali zaidi. Mikono yangu naifungia mgongoni, maana bila hivyo ingeshamsaidia. Anarudia. Ulimi nje, pumzi imebanwa. Mara ya nane mkono wa kushoto unaenda wenyewe chini ya jagi, na maji yanatulia. "Sita, saba, tisa," anahesabu. Ile nane iliyorukwa naiacha ipite.

Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mjini Rome mwaka 1907, aliandika kuhusu binti wa miaka kama 3 aliyerudia kuchomeka vipande vya mbao kwenye matundu yake zaidi ya mara 40, wenzake wakiimba pembeni. Chuoni niliona ni chumvi. Siku hizi naamini.

Kisha nikaharibu. Kikombe kilipojaa bila tone kudondoka, nikaropoka, "Hongera!" Akainua uso, akanitazama mimi badala ya maji, akaweka jagi chini, akaondoka. Miaka tisa kazini na bado mdomo unanitangulia.

Saa 4:15, uwanjani. Toroli moja, wawili wanalivuta. Nachuchumaa: "Naona toroli moja na watu wawili. Tufanyeje?" Kimya kirefu, kisha: "Wewe panda, mimi nasukuma." Ila aliyeokota jiwe nyuma yao nilimshika mkono papo hapo. Kwenye hatari sisubiri mtu ajifunze.

Saa 6:00. Chakula, usingizi. Wawili hawalali kamwe, wanapewa vitabu vya picha.

Saa 8:30. Mama mmoja anafungua begi la mwanawe. "Mwalimu, daftari tupu tena? Mtoto wa jirani anaandika a, e, i, o, u." Namwelewa, hakuna anayetaka mwanawe aachwe nyuma. Namwonyesha vidole vitatu vinavyobana mpini wa jagi: ndivyo vitakavyoshika penseli. Kukisia maji yatafika wapi kikombeni ni hesabu. Kuvumilia kumwaga mara saba bila kulia, hilo sijui niliweke kwenye somo gani. "Haya, Mwalimu," anasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali. Tutaongea tena.

Saa 9:40. Naandika kumbukumbu: "Kumimina, mara 19. Mkono wa kushoto umeanza kusaidia mara ya 8. Aliyemkatiza ni mimi." Kesho nitaongeza kikombe chembamba kando ya kile kipana, nione atafanya nini.

Nikiinama kupanga rafu nakuta kidimbwi chini yake. Ndiko maji yote yalikosukumwa. Naenda kuchukua ndoo ya deki.