Uzoefu wangu wa kupunguza kaboni kwenye biashara ndogo Arusha: fuata hela, ila kuna sehemu mbili hela inakuficha

Mi ni mhasibu, nafunga hesabu za biashara ndogo hapa Arusha, bucha, mgahawa, gesti, kampuni ya safari yenye magari machache, watu wa aina hiyo. Hii kazi ya kaboni ilikuja yenyewe. Mawakala wa utalii wa Ulaya walianza kuwatumia wateja wangu madodoso marefu, umeme unatumia kiasi gani, mafuta lita ngapi, una mpango gani wa kufika neti ziro, na mwenye biashara akiona swali lina namba anampigia mhasibu. Neti ziro kwa kifupi ni kupunguza hewa ukaa unayozalisha mpaka ibaki kidogo sana, afu hicho kidogo kilichobaki kiondolewe hewani kwa njia nyingine. Nimeona niandike kwa sababu maelezo mengi yaliyopo yameandikwa kwa mtu mwenye kiwanda Ujerumani, hayajui LUKU wala gunia la mkaa.

Jambo la kwanza, data unayo tayari. Meseji za LUKU kwenye simu zinaonyesha uniti zote ulizonunua, sheli inakupa risiti ya EFD yenye lita, mtungi wa gesi umeandikwa kilo. Kazi iliyobaki ni kuzidisha tu. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.68 za hewa ukaa, petroli kama 2.3, kilo moja ya gesi ya kupikia inatoa kama kilo 3. Umeme unazidisha uniti kwa namba ya gridi ya taifa, yaani kilo za hewa ukaa zinazotoka kwa kila uniti, na hiyo usiikariri, chukua ya mwaka unaoupigia hesabu, maana bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na ukiingiza umeme wote huo wa maji kwenye gridi halafu bado unatumia namba ya miaka ya nyuma unamwonea mteja wako.

Mama mmoja mwenye mgahawa, nilipomwamkia na kumwomba meseji zake za LUKU za mwaka mzima akaniuliza, "Mwanangu, na hii kaboni nayo imewekewa kodi?" Nikamwambia hapana mama, hii tunatafuta hela yako inapovujia. Akanipa simu yote nihesabu mwenyewe.

Na kweli kwa sehemu kubwa ukifuata hela unaipata kaboni. Chukua jenereta. Kipindi kile cha mgao wa umeme, mwisho wa 2023 kuingia 2024, gesti nyingi mjini zilikuwa zinaunguruma kutwa. Jenereta ndogo ya dizeli lita moja inakupa kama uniti 3 hivi, kwa hiyo dizeli ikiwa shilingi 3,000 uniti moja imekugharimu elfu moja, wakati ya TANESCO kwa mfanyabiashara wa kawaida ni kama 350. Mwenye gesti alipoiona hiyo hesabu kwenye karatasi hakuhitaji somo la tabianchi, kwanza alitenganisha waya ili jenereta iwashe taa, intaneti na friji tu, heta za kuogea zikawa nje ya jenereta kabisa, baadaye akafunga heta za jua juu ya paa. Arusha asubuhi za mwezi wa saba ni baridi, wageni wanaoga maji ya moto sana, na heta ya umeme kwenye gesti ndo mla uniti namba moja, sio taa. Watu wanakimbilia kubadilisha balbu kwa sababu ni rahisi, mi nasema badilisha ndio ila usidhani umemaliza.

Kwenye magari ya safari hali ni ngumu zaidi na sitaki kudanganya mtu. Gari likichoma lita 1,000 kwa mwezi hizo ni karibu tani 2.7, na Serengeti haisogei karibu. Tulichoweza ni vitu vya karakana na mpangilio, upepo wa matairi, filta safi, dereva kuzima injini akisimama kuangalia simba badala ya kuiacha inanguruma (na wageni wanapenda, picha hazitikisiki), vyakula vya kambini vipakiwe na gari linalopeleka wageni badala ya kutuma gari la pili nyuma yake. Hapa Arusha kuna watu wanageuza Land Cruiser za dizeli kuwa za umeme, teknolojia ipo, bei ndo bado inamshinda mwenye magari mawili matatu.

Sasa nije kwenye zile sehemu mbili ambazo hela inakuficha, na hii ndo sababu hasa ya kuandika.

Ya kwanza ni gesi ya friji. Yule wa bucha ana chumba cha baridi, na kwenye vitabu vyake kulikuwa na kamstari kadogo kanajirudia, "fundi, kujaza gesi". Hela ndogo, mhasibu yeyote anaipita. Nikaenda kusoma stika kwenye mashine, imeandikwa R-404A. Kilo moja ya hiyo gesi ikitoka hewani inapasha joto dunia sawa na karibu kilo 3,900 za hewa ukaa. Piga hesabu kwa dizeli, ni zaidi ya lita 1,400! Kwa kilo moja tu, na yeye alikuwa anajaza zaidi ya kilo moja kwa mwaka, maana yake kale kamstari kalikuwa kanazidi umeme wake wote na pikipiki ya kusambazia nyama vyote kwa pamoja. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika, inazunguka humohumo kwenye mabomba, kwa hiyo ikipungua inaliki, hakuna maelezo mengine. Tulimtafuta fundi anayekubali kutafuta liki kwanza, akapita kila kiungo na povu la sabuni, akaikuta kwenye kiungo karibu na kompresa, akachomelea, akavuta hewa yote kwa pampu ndo akajaza. Alilipwa zaidi ya wale wa kujaza na kuondoka, na tangu hapo kale kamstari kamepotea kwenye vitabu. Friji ndogo za majumbani zina gesi kidogo na nyingi za siku hizi zinatumia R-600a ambayo madhara yake ni madogo mno, wasiwasi wangu ni bucha, maduka ya samaki, maziwa, na AC za maofisini.

Ya pili ni mkaa. Kwa mama wa mgahawa gunia lilionekana nafuu kuliko kila kitu, na kwenye dodoso la wakala hakuna hata sehemu ya kuujaza. Lakini kwenye matanuri ya udongo kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo 5 mpaka 10 za kuni, moshi wote ule umebaki porini kabla gunia halijafika mjini, na msitu usipoota tena hiyo ni kaboni imeondoka moja kwa moja. Hatukumwambia aache siku moja. Alianza na maharage na makande, vile vitu vinavyokaa jikoni masaa, akanunua sufuria ya presha ya umeme. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima mfululizo linakula uniti moja, na la presha linajikatakata, kwa hiyo sufuria ya maharage haimalizi hata hiyo shilingi 350. Akalinganisha mwenyewe na kopo la mkaa, akanunua la pili. Nyama choma ameiacha kwenye mkaa na mi simlaumu, wateja wake wanakuja kwa ajili hiyo.

Kuhusu krediti za kaboni, yaani kumlipa mtu mwingine apunguze au aondoe hewa ukaa kwa niaba yako, naulizwa sana, "si nilipie tu miti niandike neti ziro kwenye tovuti?" Mi nakataa. Vigezo vya mwaka 2021 vya SBTi, taasisi ya kimataifa inayopima malengo ya kampuni ya kupunguza hewa ukaa, vinataka kampuni nyingi zipunguze kama asilimia 90 ndo zishughulikie kinachobaki. Kuchangia misitu yetu ni jambo jema na nalipenda, kule bonde la Yaeda, Manyara, Wahadzabe wanalipwa kwa kuutunza msitu wao, changia, ila iandike kama mchango, isifute dizeli yako kwenye jedwali.

Kwa hiyo majibu tunayotuma kwa mawakala ni ya wazi: mwaka huu tumetoa kiasi hiki, tumepunguza hapa na hapa, magari bado, hatujafika neti ziro. Hakuna mteja wangu aliyepoteza wakala kwa jibu hilo. Wa bucha saivi anaweka akiba ya mashine mpya inayotumia R-290, ambayo ni propani, nzuri sana kwa kaboni ila inashika moto, kwa hiyo kabla hajalipa tunatafuta fundi aliyesomea kuishika, na kama unamjua mmoja Arusha au Moshi niambie.